Vunjajungu wetu anachekesha badala ya kutisha: tumekosea wapi?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza gemu ya simu. Bosi, yaani adui mkuu, wa hatua ya tatu ni vunjajungu mkubwa, urefu wake mara tatu ya mchezaji. Nimemchora amesimama kwa miguu miwili, mikono miwili ya mundu, macho mekundu, meno, na akitokea ananguruma. Tumewapa watu tisa wamjaribu. Sita wamecheka. Wawili wamesema ni mtu aliyevaa nguo za mdudu. Wa tisa alizima simu, akasema hawezi kabisa kuangalia wadudu, na mikono ilikuwa inamtetemeka. Mwenzangu mmoja anataka tumwongezee miiba na miguu ifike kumi. Mwingine anasema tufuate mdudu wa kweli kwa kila kitu. Ni gemu zipi zimepatia, na sisi tufanye nini?"

Marahaba. Umehesabu watu wako na ukaandika kila mmoja alivyofanya, na hiyo ndiyo imenirahisishia kukujibu. Mchoro mmoja umewachekesha sita na kumtetemesha mmoja. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kicheko kinatokana na mwili uliomjengea, na kurekebisha hilo kuko mikononi mwenu. Mtetemeko wa yule wa tisa hauhusiani na uzuri wala ubaya wa kazi yenu, nitaufikia mbele.

Jicho la mtu husoma umbo zima kwanza, mapambo baadaye. Miguu miwili chini, mikono miwili juu, shingo, kichwa: ubongo umeshasema "mtu" kabla haujafika kwenye mundu. Meno na ngurumo vinamtia simba ndani ya huyo mtu, na rangi ya kijani inabaki kuwa vazi. Wale wawili wamekupa jibu la thamani kuliko wote tisa. Miiba itakaa juu ya umbo lile lile, kwa hiyo haitabadilisha wanachokiona.

Miguu kumi nayo haitasaidia. Katika Kiswahili cha kila siku tunaita mdudu kila kidogo kinachotambaa, lakini miili yao haifanani. Mdudu halisi ana sehemu tatu: kichwa, kifua na fumbatio (tumbo la nyuma), na miguu yake sita yote hutoka kifuani. Buibui na nge wana minane. Tandu ana jozi moja kwa kila pingili, jongoo ana mbili kwa pingili nyingi. Mchezaji hahesabu, ila anahisi. Ukipita sita, vunjajungu wako anaanza kusomeka kama buibui, na kwenye kioo cha simu miguu mingi hugandamana ikawa kama brashi. Halafu kila mguu unahitaji mifupa mitatu hivi ya animesheni, yaani vipande vya kuuchezesha, na simu ya bei nafuu italipa gharama hiyo kwa kukwama katikati ya pambano.

Mwenzako wa pili, anayetaka uhalisia wa kila kitu, yuko karibu zaidi na ukweli, lakini uhalisia wa kila kitu haupo. Chukua vunjajungu wa sentimita 7 umfikishe mita 5. Urefu umeongezeka takriban mara 70, uzito umeongezeka mara 343,000, na unene wa mguu ukiupima kwa eneo umeongezeka mara 4,900 tu. Kila milimita ya mraba ya mguu ingebeba mzigo mara 70 ya ule wa zamani, na ingevunjika. Pumzi nayo ingemwishia, kwa sababu mdudu hana mapafu. Hewa huingia kwa matundu ya ubavuni na kusambaa kwa mirija myembamba, njia inayofaa mwili mdogo. Hata Meganeura, jamaa wa kereng'ende aliyeishi miaka milioni 300 hivi iliyopita, alikuwa na mabawa ya karibu sentimita 70 tu toka ncha hadi ncha. Kwa hiyo kanuni za maumbile mmeshazivunja mlipomkuza. Kilichobaki ni kuchagua ni jambo gani la mdudu mtalitii bila kurudi nyuma.

Ushauri wangu wote uko hapo: chagueni tabia moja ya kweli ya mdudu, kisha umbo, mwendo, sauti, shambulio na udhaifu wake vyote vitoke kwenye tabia hiyo. Dubwana la mdudu hutisha pale mchezaji anapohisi kwamba lina akili yake, isiyofanana na ya mtu, na kwamba akili hiyo ina utaratibu anaoweza kuusoma akijitahidi.

Angalia Shedinja, kiumbe wa gemu za Pokémon, aliyetokea katika matoleo ya Ruby na Sapphire ya mwaka 2002. Nyenze akiwa mchanga huishi ardhini, halafu hupanda juu, gamba lake hupasuka mgongoni, hutoka akiwa na mabawa na kuliacha gamba tupu limeng'ang'ania mti. Katika gemu, Nincada, yule mchanga wa ardhini, akigeuka kuwa Ninjask mwenye mabawa na mchezaji akiwa na nafasi tupu kikosini pamoja na mpira wa kukamatia, lile gamba nalo linabaki naye kama kiumbe kamili. Lina uhai wa pointi 1 tu, na haliumizwi na pigo lolote isipokuwa lile linalogusa udhaifu wake hasa. Ufa uko mgongoni, ndani hamna kitu. Kwangu mimi huyu ndiye mdudu aliyebuniwa vizuri kuliko wote katika michezo ya video, na hana miiba wala meno. Nguvu yake na udhaifu wake vimetoka kwenye jambo moja ambalo mtoto yeyote aliyewahi kuokota gamba kwenye mti analijua.

Half-Life 2 ya 2004 ilifanya vile vile kwa Antlion, wadudu wake wakubwa wa kubuni. Wanaishi chini ya mchanga na huja wakihisi mtikisiko wa hatua. Ukiruka kutoka mwamba hadi mwamba, uko salama. Ukigusa mchanga, wanafumuka. Penye mashine inayogonga ardhi, hawakaribii. Baada ya dakika kumi mchezaji anaogopa mchanga wenyewe, hata kama hakuna kitu juu yake. Gharama ya kuchora mchanga mnaijua.

Monster Hunter 4 ya 2013 ina Seltas Queen, jike mzito anayemwita dume kwa harufu, akambeba na kumtumia kama silaha. Fallout: New Vegas ya 2010 ina Cazador, aliyechukua rangi za nyigu mwindaji wa buibui: mwili wa buluu iliyokolea kuwa nyeusi na mabawa ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo katika maumbile ni onyo, na wachezaji huielewa baada ya kuumwa mara moja.

Scyther je, vunjajungu wa Pokémon, ambaye bila shaka ndiye mliyemwiga? Yeye ana miguu miwili na anapendwa tangu 1996. Lakini kazi yake ni nyingine. Satoshi Tajiri, mbunifu wa Pokémon, alikuwa mkusanya wadudu tangu utotoni, na viumbe wake wengi walikusudiwa kuwa wenzi wa safari. Mwenzi anahitaji kusomeka kama mtu, asimame, atazame mbele. Hollow Knight ya 2017 nayo ina Mantis Lords, mabwana vunjajungu, ambao kimwili hawakaribii vunjajungu halisi. Wanaogopesha kwa adabu yao: wameketi vitini, anashuka mmoja, kisha wawili kwa pamoja, na ukishinda wanakuinamia. Hapo tabia moja, heshima ya wapiganaji, imebeba kila kitu. Bosi wenu hana tabia kama hiyo bado. Ana silaha tu.

Dubwana ninalolichoka zaidi ni lile la mdudu mweusi mkubwa, anatema ute wa kijani, ana mfuko unaong'aa tumboni wa kupigwa risasi. Limejaa kila mahali, na ukilibadilisha ngozi likawa mjusi, pambano linabaki lile lile. Hicho ndicho kipimo changu. Mwulize bosi wako: nikimvika ngozi ya mjusi, kuna kitu kitapotea? Kwa sasa jibu ni hapana.

Tumjenge upya basi. Tabia ninayoichagua ni kutulia. Vunjajungu hakimbizi. Hukaa, huyumba taratibu kama jani linalopigwa na upepo, na macho yake hushughulika zaidi na kinachosogea. Kwa gemu ya simu hiyo ni zawadi: mchezaji akiinua kidole kwenye kioo, anasimama, na bosi anampoteza. Akigusa, anaonekana. Pambano zima linakuwa la kuthubutu kusogea.

Mwili uulaze. Fumbatio refu nyuma, miguu minne imetanuka (miwili iliyobaki ndiyo mikono ya mundu), magoti yamepanda juu ya mgongo kama nguzo za hema, na kifua kirefu chembamba tu ndicho kinachoinuka mbele. Mikono ya mundu ikunjwe karibu na kidevu. Mizani nzuri ya kuanzia: ukigawa urefu wa mwili katika sehemu kumi, kichwa kichukue moja, kifua nne, fumbatio tano. Utaona amepoteza kimo. Msihofu kwa hilo, kwa sababu kimo mtakihitaji baadaye.

Meno yafute. Mataya ya mdudu hufunguka kando, kushoto na kulia, kama mkasi, na ni madogo. Macho mekundu nayo yafute. Yape rangi ya mwili, kijani kilichopauka, halafu weka doa moja jeusi dogo katika kila jicho. Ukimwangalia vunjajungu wa kweli kwa karibu, doa hilo linakufuata popote unaposogea. Yeye hajageuza jicho. Jicho lake limeundwa kwa vijicho vidogo maelfu, na vile vinavyoelekea kwako moja kwa moja havirudishi mwanga, kwa hiyo unaona weusi. Msilichore doa hilo kwenye ngozi ya modeli. Liwe kipande cha pekee ambacho kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zinazofuatana kwenye kioo, kinasogezwa upande wa kamera. Kama gemu yenu ni ya picha bapa, lisogezeni pikseli 2 au 3 kuelekea aliko mchezaji. Ni kazi ndogo, na ndiyo itakayowafanya watu wanyamaze.

Shambulio ndipo wengi huharibu. Vunjajungu halisi hunyakua kwa muda ulio chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mtu huhitaji takriban milisekunde 200 hadi 250 kuitikia anachokiona, na kioo cha simu kinaongeza uchelewaji wake. Maana yake pigo lenyewe haliwezi kukwepwa. Kinachokwepwa ni maandalizi yake. Kwa fremu 60 kwa sekunde, anzeni hivi: kuyumba kukome ghafla, kichwa kigeuke kielekee kwa mchezaji, mikono irudi nyuma kidogo, na hali hiyo idumu fremu 30. Pigo fremu 4: ya kwanza mkono uko nusu ya njia, ya pili umefika, mbili za mwisho umefunga. Katika awamu ya pili punguzeni onyo liwe fremu 20, msishuke chini ya hapo. Baada ya pigo mpeni fremu 60 hadi 75 za kujisafisha. Vunjajungu huilamba mikono yake baada ya kula kwa uangalifu mkubwa, na huo ndio mwanya wa mchezaji kukimbia au kupiga.

Kuna mtego hapa. Programu nyingi za animesheni hulainisha mwendo kati ya fremu kuu mbili, zile mlizozipanga wenyewe, bila kuulizwa: mkono unaanza taratibu, unashika kasi, unapungua. Vunjajungu akilainishwa hivyo anakuwa mtu anayefyeka majani kwa panga. Katika zile fremu 4 ondoeni ulainishaji kabisa. Hata kichwa kisigeuke polepole. Kiruke kutoka pembe hadi pembe ndani ya fremu 3, kisha kitulie.

Akitembea, miguu mitatu kati ya minne ibaki chini kila wakati: wa nyuma kulia, wa mbele kulia, wa nyuma kushoto, wa mbele kushoto, mmoja mmoja. Mguu ulioko chini usiteleze hata kidogo. Kama hatua moja ni sentimita 120 na mzunguko wa hatua ni fremu 40, mwili usogee sentimita 3 kwa fremu, si zaidi. Mguu unaoteleza hurudisha kicheko haraka kuliko kosa lolote lingine.

Sasa ngurumo. Asiye na mapafu hangurumi. Anapotishwa, vunjajungu hujiinua, hutanua mikono na mabawa ili rangi zilizofichwa zionekane, na wengine husugua fumbatio kwenye mabawa wakatoa mvumo mkavu. Chukueni majani makavu ya mgomba, yasugueni karibu na maikrofoni, kisha shusheni sauti kwa oktavo moja. Kabla ya mvumo huo acheni sekunde 2 za kimya kitupu. Na hapa ndipo kimo kinarudi: akijiinua anafika urefu ule mlioutaka, mara tatu ya mchezaji, kwa sekunde chache tu.

Kujiinua huko pia kutawapa udhaifu wake. Vunjajungu wengi wana sikio moja tu, nalo liko chini ya kifua, katikati ya miguu. Mwili ukiwa umelala halionekani. Akijiinua kutisha, anajianika. Kwa hiyo mchezaji anampiga palepale anapotishwa zaidi, na hakuna haja ya mfuko unaong'aa.

Kuna jambo moja ambalo ningelitamani sana kuliona, na hakuna studio ya ng'ambo itakayowatangulia. Jina lenyewe, vunjajungu, limebeba imani ya zamani kwamba anayemgusa mdudu huyu atavunja chombo kitakachofuata kushikwa. Igeuzeni imani hiyo kuwa kanuni: bosi akimkwaruza mchezaji, uhai haupungui, ila kitu cha kwanza atakachookota kinavunjika mkononi. Chupa ya dawa, ufunguo, chochote. Mchezaji atajifunza kuokota kitu cha thamani ndogo kwanza ili kuitoa laana. Msiyaeleze hayo kwa maandishi. Yule anayejua Kiswahili atatabasamu, asiyejua atagundua mwenyewe.

Mkihitaji wadudu wengine wa hatua za mbele, msikuze tu. Siafu mmoja mkubwa kama nyumba ni dhaifu kuliko mstari wa siafu wadogo unaojaza sakafu. Siafu vibarua hawaoni, hufuata harufu na mguso, basi wachoreni bila macho na wawe wanaipita taa bila kujali. Nzige hubadilika rangi na tabia wakisongamana. Mchezaji anayewaswaga pembeni ndiye anayewafanya wawe jeshi. Na yule mwembamba mwenye pingili nyekundu na nyeusi ambaye wengi humwita Nairobi fly haumi wala hachomi. Sumu yake iko ndani ya mwili, na humwunguza ngozi yule anayemponda. Adui anayewaadhibu wanaoua kwa haraka ana thamani kuliko mabosi watatu wenye makucha.

Nimfikie yule wa tisa. Alichoonyesha si kutopenda wadudu. Kwa baadhi ya watu, picha ya mdudu tu inatosha kuwasha king'ora cha mwili: moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, pumzi inakata, hata akijua kabisa kwamba ni mchoro. Msimbembeleze ajaribu tena, msimwonyeshe toleo jipya, na msichukulie mtetemeko wake kuwa ushahidi kwamba bosi anatisha. Wekeni tangazo la wadudu kabla gemu haijaanza, si ndani ya mipangilio peke yake. Gemu ya Grounded, iliyokamilika 2022, ina kipimo ambacho mchezaji anakisogeza na buibui wanapoteza miguu hatua kwa hatua hadi wanabaki mabonge. Kwenu inatosha modeli ya pili ya maumbo laini yasiyo na miguu wala vipapasio, yenye muda ule ule wa fremu, pamoja na ruhusa ya kuruka pambano bila kupoteza kitu.

Kama rafiki huyo hofu inamzuia kulala, kuingia jikoni au chooni, au kwenda shambani, na imedumu kwa miezi, mwambieni kwa upole kwamba inatibika, na amwone mwanasaikolojia au aulizie hospitali yenye kliniki ya afya ya akili. Tiba yake humsogeza mtu kwa hatua ndogo akiwa na mtaalamu pembeni. Gemu haifanyi kazi hiyo, hata ikitengenezwa kwa nia njema.

Ninyi nanyi mkienda kupiga picha za wadudu, chungeni. Siafu wapigwe picha kutoka kando, msisimame kwenye mstari wao. Nairobi fly akitua mwilini, mpulizeni, msimponde. Akipondeka, osheni kwa sabuni na maji, na sumu ikigusa jicho nendeni hospitali. Aliyeumwa na nyuki au nyigu akaanza kuvimba midomo au kukosa pumzi apelekwe hospitali papo hapo. Kama mko Nairobi au karibu, makumbusho ya taifa yana mkusanyiko wa wadudu, na ICIPE kule Kasarani ni taasisi ya utafiti wa wadudu tangu 1970. Andikeni barua ya kuomba kuonyeshwa vielelezo kabla ya kwenda. Nusu saa na vunjajungu aliyetundikwa kwa pini itawafundisha viungo vya mguu kuliko picha mia za mtandaoni.

Mkimaliza toleo jipya, tafuteni watu wengine ambao hawajamwona yule wa kwanza. Wapeni dakika tano bila maelezo, kwanza sauti ikiwa imezimwa. Msiwaulize kama anatisha, maana watawapa jibu la kuwafurahisha. Waulizeni: "Alifanya nini kabla ya kukupiga?" Wakisema aliacha kuyumba, au aligeuza kichwa, washeni sauti muwaangalie vidole: kidole kinachoinuka chenyewe kwenye kioo, kabla ya onyo kumalizika, kinaonyesha kwamba mmempata. Wakisema hawajui, rudisheni onyo liwe fremu 36 na mjaribu tena kabla ya kugusa rangi yoyote.